Mtulinga wa Kushoto

Inspekta hakugusa kitu. Alisimama mbele ya rafu ya tatu, mikono nyuma kama mwalimu anayesimamia mtihani, akayatazama mapengo. Bahasha za kahawia zilikuwa zimepangwa wima, kila moja na namba yake ya wino mweusi. Zilitakiwa ziwe thelathini na moja. Zilizobaki zilikuwa ishirini, na pale zilipochomolewa kumi na moja palibaki nafasi nyembamba nyembamba, kama kinywa cha mtu aliyeng'olewa meno hapa na pale.

"Ni yule mama," alisema Daktari wa kiwanda kutoka mlangoni. Alikuwa mwanamume mtanashati wa miaka hamsini hivi, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. "Mjane wa fundi aliyefariki mwezi uliopita. Jumanne alikuja hapa akafanya fujo, anataka picha za zamani za kifua cha mumewe. Alhamisi asubuhi tukakuta bahasha hazipo. Mimi sisemi ni mwizi, Inspekta. Nasema tu siku zinafuatana."

"Kitasa kilivunjwa?"

"Hapana."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Moja ninayo mimi. Nyingine inaning'inia kwenye msumari chumba cha eksirei. Mpita njia yeyote anaweza kuichukua."

"Na bahasha hazina majina."

"Namba tu. Siri za wagonjwa lazima zilindwe."

"Sasa mtu anajuaje namba fulani ni ya nani?"

"Kuna daftari. Liko kwenye droo yangu, na droo ina ufunguo."

"Droo nayo ilivunjwa?"

Daktari aliangalia viatu vyake kidogo. "Hapana."

Inspekta akamgeukia Koplo, kijana mnene aliyekuwa ameegemea ukuta na daftari lake mkononi. "Andika. Mjane ameingia chumba asichokijua. Amekuta bahasha thelathini na moja zisizo na majina. Amechomoa kumi na moja bila kusogeza hata moja ya jirani, wala kufuta vumbi lililo mbele yake, kisha akafunga mlango na kurudisha ufunguo msumarini."

"Pengine alibahatisha," alisema Daktari.

"Mtu anayebahatisha anakumba zote. Huyu alijua anachotaka."

Kulikuwa na jambo jingine lililomkera Inspekta tangu asubuhi, ila hakulisema. Kiwanda hiki cha kuunda ndege ndogo za mizigo kilikuwa kimewahi kuibiwa shaba, mafuta, hata propela nzima, na kila mara polisi walipewa habari wiki nzima baadaye, shingo upande. Safari hii zimepotea picha za vifua vya mafundi, na kabla ya saa nne asubuhi barua yenye mhuri wa ofisi kuu ilikuwa mezani kwake. Mtu hawakimbilii polisi kwa ajili ya makaratasi ya zamani, isipokuwa awe anaogopa mahali yatakapoibukia.

"Hizi zote ni za karakana moja," alisema. "Za wengine ziko rafu za juu, zimechanganyika. Za hawa zimetengwa. Kwa nini?"

"Utaratibu wa ofisi kuu."

"Karakana gani?"

"Karakana ya Joto," alisema Daktari, na kwa mara ya kwanza akaonekana kutamani mazungumzo yaishe.

*

Mlinzi wa getini alikuwa ameshamwambia Koplo kwamba Jumatano jioni msimamizi wa Karakana ya Joto alitoka na mfuko mkubwa, akakataa usifunguliwe. Kwa hiyo walipotoka zahanati walielekea huko moja kwa moja.

Karakana ilikuwa banda refu lenye paa la juu. Katikati palikaa bodi ya ndege isiyo na mabawa, na pembeni injini tatu juu ya vyuma vya miguu minne. Mafundi walikuwa wanakata kitambaa kizito cheupe kwa mikasi mikubwa, wanakizungushia mabomba ya moshi, wanakibana kwa waya. Kwenye meza ya mwisho mtu alikuwa anatoboa vipande vya breki, na kila akimaliza kimoja alishika mpira wa upepo akapuliza unga. Unga ulipanda, ukakutana na mwanga wa dirisha la juu, ukaning'inia hapo bila haraka. Baadhi yao walikuwa na vitambaa vya kuzibia pua, lakini wamevishusha kidevuni ili wapate kuongea.

Koplo alipiga chafya. Inspekta alimvuta mkono akasogea naye upande wa mlango.

Msimamizi alikuja akijifuta mikono. Alikuwa pande la mtu, kichwa kimeanza mvi, na sauti iliyozoea kushindana na mashine. Walimwita Nyundo, na hakuna aliyekumbuka tena jina lake jingine.

"Mfuko ulikuwa na nini, kaka?" aliuliza Inspekta.

"Mfuko gani?"

"Wa Jumatano. Ule ulioukumbatia kama mtoto mchanga."

"Ovaroli zangu. Nampelekea mke wangu afue."

"Kwa nini ulikataa kumfungulia mlinzi?"

"Kwa sababu yule mlinzi nimemfundisha mimi kushika spana, akashindwa, akaenda kukaa getini. Leo anikague mimi? Nenda nyumbani kwangu ukazihesabu kwenye kamba. Nne, na moja ina kiraka gotini."

Koplo alienda pembeni akapiga simu kwa mwenzake aliyekuwa na doria mtaa ule. Baada ya dakika kumi alirudi akatingisha kichwa. Ovaroli zilikuwa nne, kiraka kilikuwepo, na mke wa Nyundo alikuwa amemkaribisha polisi maji ya kunywa.

"Haya, la mfuko limeisha," alisema Inspekta. "Hicho kitambaa ni asbesto?"

"Ni kitambaa cha joto."

"Nimeuliza kama ni asbesto."

Nyundo alimtazama kwa jicho la kumpima. "Umeshakwenda kwa Mama Pacha, siyo? Amekujaza maneno. Sikiliza, afande. Mumewe alikuwa rafiki yangu, tumeingia hapa siku moja. Lakini alikuwa mvutaji, na Daktari ameandika kifua kikuu. Mimi mwenyewe niliwaambia watu kwenye mazishi, waache kutafuta mchawi. Nina miaka ishirini na sita kwenye banda hili. Kila mwaka nasimama kwenye eksirei, kila mwaka naambiwa mapafu safi kama sahani. Kama ni hiki kitambaa, mbona mimi mzima?"

"Picha yako umewahi kuiona?"

"Nikiiona nitaisoma? Kazi yangu ni injini."

*

Mama Pacha aliishi nyuma ya soko, vyumba viwili vyenye sakafu iliyosuguliwa hadi inateleza. Mabinti zake pacha walikuwa shuleni. Hakuwakaribisha polisi kwa tabasamu, ila aliwapa viti.

"Jumatano ulikuwa wapi, mama?" Inspekta aliuliza kabla hajakaa vizuri.

"Kwa mama mkwe, tangu asubuhi hadi kesho yake. Kamuulize. Hanipendi tangu siku nilipoolewa, kwa hiyo hawezi kunidanganyia."

Koplo aliinamisha uso ili asicheke, akaandika.

"Jumanne zahanati ulitaka nini?"

"Picha za zamani. Mume wangu alianza kukosa pumzi miaka minne iliyopita. Ngazi tatu tu, anasimama. Kila mwaka anarudi na karatasi imeandikwa mzima. Mwishoni nikampeleka hospitali kubwa bila kuaga kiwandani. Wakampiga picha, wakasema utando wa mapafu umekakamaa, ni vumbi la asbesto, na pana uvimbe. Miezi mitano baadaye alianguka kazini, akafia pale pale zahanati, na yule Daktari akaandika kifua kikuu. Nilipokwenda Jumanne kuuliza, akanipa picha ya mwaka jana ili nitulie. 'Ona mwenyewe, mama, kifua cheupe.'"

"Kifua chenye afya kwenye picha huwa cheusi," alisema Inspekta. "Daktari ana bahati hukujua. Unazo zote mbili?"

Mama Pacha alizitoa chini ya godoro. Inspekta alikwenda dirishani akaziinua sambamba, ya hospitali mkono wa kulia, ya kiwanda mkono wa kushoto.

Ya hospitali haikuhitaji daktari. Upande mmoja chini kulikuwa na ukungu mzito, na kando ya mbavu mistari minene kama ukoko wa sufuria. Ya kiwanda ilikuwa safi kabisa. Lakini hakuangalia mapafu tu. Baba yake alikuwa mganga wa mifupa hospitali ya wilaya, na utotoni picha kama hizi ndizo alizochezea. Macho yake yalipanda mpaka mabegani. Kwenye picha ya kiwanda, mtulinga wa kushoto ulikuwa na kifundo katikati, mahali mfupa ulipovunjika zamani ukaunga vibaya, ncha moja imeipanda nyingine. Kwenye picha ya hospitali mitulinga yote miwili ilikuwa imenyooka.

"Mama Pacha, mumeo aliwahi kuvunjika hapa?" Aligusa bega lake chini ya shingo.

"Hakuwahi kuvunjika hata kidole."

"Una hakika?"

"Nimelala naye miaka kumi na tisa, mwanangu. Ningejua."

Inspekta aliteremsha mikono. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama mjane kama mtu, si kama mshukiwa. "Hii picha si ya mumeo," alisema.

Mama Pacha alisogea dirishani. Alikuwa anaiangalia ile filamu iliyo mkononi mwa askari, ile aliyoiweka chini ya godoro akaisemesha usiku. "Sasa ni ya nani?"

*

Saa nane mchana walirudi kiwandani. Daktari alikuwa ofisini, simu sikioni, mlango umefungwa. Inspekta alimwacha hapo. Alichukua bahasha zote ishirini zilizobaki akazipeleka chumba cha eksirei, ambako palikuwa na kisanduku cha taa cha kusomea picha.

Mpiga eksirei walimwita Kamera. Alikuwa mwembamba, mpole kupita kiasi, na alikubali kila kitu kabla hujamaliza kukiomba. Aliwasha kisanduku, akaanza kuzipandisha filamu moja moja, akitumia mkono wa kulia tu.

Kila bahasha ilikuwa na picha za miaka kadhaa. Inspekta hakuwa na haraka. Alimwambia Koplo agawe meza mara mbili, kulia na kushoto, naye akawa anaonyesha kwa kidole. Walipomaliza, kushoto kulikuwa na bahasha saba.

"Watu saba," alisema. "Miaka ya mwanzo kila mmoja ana mifupa yake. Mmoja ana mbavu pana, mwingine moyo umelala. Halafu ghafla, kila mmoja kwa wakati wake, wanaanza kuwa na kifua kile kile. Na wote wana mtulinga wa kushoto uliounga vibaya. Koplo, ajali gani hiyo?"

"Labda waligongwa na gari moja, afande."

Kamera hakucheka. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

"Nilikuwa najiuliza," Inspekta aliendelea, "mtu akitaka kifua kisafi cha kuazima, anakitoa wapi? Hawezi kumwita fundi, fundi atauliza. Anahitaji kifua kisichoingia karakana, kilicho karibu na mashine, na kilichozoea kunyamaza." Alinyoosha mkono akachukua boksi la filamu mpya lililokuwa mezani, akaliweka juu ya kabati. "Naomba unishushie lile boksi. Kwa mkono wa kushoto."

Kamera aliinua mkono mpaka usawa wa sikio. Hapo ukagoma. Koti lake jeupe lilivutika, na chini ya shingo kikaonekana kifundo kimoja kidogo kimesukuma ngozi.

"Nilianguka na baiskeli," alisema polepole. "Nikiwa darasa la sita."

"Vaa vizuri, kaka. Ukae."

Alikaa. Inspekta alizunguka chumba. Mbele kulikuwa na ubao ambao mtu husimama kifua kikiugusa, na upande wa pili ukuta mfupi wenye madini ya risasi ndani ya kuzuia mionzi, na nyuma yake kitufe.

"Koplo, kutoka kwenye ubao mpaka kwenye kitufe ni hatua ngapi?"

Koplo alipima. "Nane."

"Basi kazi hii haikufanywa na mtu mmoja. Huyu alikuwa amesimama pale, amevuta pumzi, ametulia. Nani alibonyeza?"

Kamera alitazama mlango. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akisubiri swali hili kwa miaka, na sasa limekuja hajui aliweke wapi.

"Nina watoto wanne, afande."

"Na wale mafundi wana wangapi?"

Alijifuta mdomo. "Daktari. Mwaka wa kwanza zilikuwa picha tatu tu. Akaniambia ni za muda, ukaguzi ukipita tutawaita wenyewe tuwaambie. Mwaka uliofuata zikawa sita. Halafu kumi, halafu kumi na tano. Mwaka jana kumi na nane. Mimi nimejipigisha picha hamsini na mbili kwenye hii mashine. Nilikuwa nahesabu."

"Kumi na nane. Hapa ziko saba."

"Zile kumi na moja ndizo mbaya zaidi. Ndani yake zimo picha za kabla hajaanza kubadilisha, na dalili zinaonekana tayari. Mama Pacha alipokuja Jumanne, Daktari alishtuka akakumbuka hizo za zamani. Akaniagiza niandae pipa, Alhamisi tuchome rafu yote. Jumatano jioni nikazitoa. Zote sikuweza kuzificha, nikachagua."

"Na daftari la majina?"

"Sihitaji. Mimi ndiye niliyewapiga."

"Zilitokaje getini?"

"Hazikutoka," alisema Kamera. Aliinuka, akaenda kwenye mashine ya zamani iliyokufa pembeni, akafungua mlango wake wa bati. Ndani, mahali palipokuwa na nyaya, zilisimama bahasha kumi na moja za kahawia.

*

Daktari aliletwa na Koplo. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mfukoni, kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mpiga eksirei ameiba, amekamatwa, anatafuta wa kufa naye. Kitufe kina alama za vidole vya kila mtu aliyefanya kazi hapa. Na hizo picha ni namba tu. Mtasema ni za nani?"

"Tuletee daftari."

"Sikumbuki nilipoliweka."

Inspekta alitikisa kichwa kama mtu aliyetegemea jibu hilo hilo. Kila fundi alikuwa na kadi ya zahanati yenye namba yake, na kadi hizo zilikaa kwa msimamizi. Akamtuma Koplo.

Nyundo alikuja na rundo la kadi limefungwa kwa mpira, unga mweupe ungali kwenye nyusi zake. Alimsalimia Daktari kwa heshima, akamkaripia Kamera kwa macho, akauliza kama hili zoezi litachukua muda, maana ana injini ya kukabidhi kesho.

"Halitachukua," alisema Inspekta. "Mimi nasoma namba, wewe unanipa mtu. Koplo anaandika. Kumi na nne."

"Baba Pacha. Marehemu."

"Ishirini na mbili."

"Yule wa meza ya breki, Mrefu."

"Thelathini."

"Dada wa mikasi. Huyo alikuja juzijuzi tu, miaka saba."

"Kumi na saba."

"Huyo amestaafu."

Aliendelea hivyo, haraka, akizichambua kadi kama mtu anayegawa karata. Namba ya nane, mtu. Ishirini na tano, mtu. Inspekta alichukua bahasha ya kumi.

"Tisa."

Nyundo alishika kadi iliyofuata. Hakuisoma. Aliigeuza, akaigeuza tena, kana kwamba nyuma yake kungeandikwa kitu kingine.

"Hebu rudia."

"Tisa."

Nyundo aliisogeza kadi karibu na taa ya kisanduku.

"Tisa ni mimi," alisema Nyundo.

Kamera alikuwa ameinamisha kichwa. Nyundo alitoa filamu kwenye bahasha yeye mwenyewe, akaibandika kwenye taa. Vidole vyake vinene vilifuata mistari minene kando ya mbavu, polepole, kama anavyokagua ufa kwenye chuma.

"Ya lini hii?"

"Miaka sita iliyopita," alisema Kamera.

"Miaka sita." Alimgeukia Daktari. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyomfanya Daktari arudi nyuma hatua moja. "Juzi tu umenishika bega ukaniambia safi kama sahani. Mimi nimesimama juu ya kaburi la rafiki yangu nikamwita mvutaji, mkewe ananisikia. Kwa neno lako."

"Nyundo, ndugu yangu, ngoja nikueleze. Amri haikuwa yangu. Ilitoka juu."

"Juu wapi?" aliuliza Inspekta. "Sema taratibu, Koplo apate kuandika."

Daktari alifumba mdomo, lakini Koplo alikuwa ameshaandika.

Nyundo hakusubiri jibu. Aliziweka kadi mezani, akazinyoosha kingo zikawa sawa, akatoka. Inspekta alimfuata mpaka uani, kisha akasimama mlangoni pa karakana. Alimwona akipita katikati ya meza, kati ya mikasi na mabomba na unga uliokuwa bado unaelea kwenye mwanga, mpaka kwenye swichi kubwa ya ukutani. Akaishusha. Mashine zote zilikufa mara moja, na mpira wa upepo ukatoa pumzi yake ya mwisho ukalegea.

Watu wakainua vichwa.

"Wekeni vitu chini," alisema Nyundo. "Msipangusane, msipulize kitu. Tokeni nje, mmoja mmoja."

"Kuna nini, bosi?" aliuliza dada wa mikasi.

"Toka kwanza, mdogo wangu," alisema. "Humu sitaki hata mfungue midomo."